Hiyo Austria Itajaa

Mama alipofanyiwa upasuaji wa goti, sote tulidhani tabu yetu itakuwa goti. Goti wala halikutusumbua. Lilipona kwa wakati wake, likakunjika, likakunjuka, na leo mama anapanda ngazi za kwa daktari mbele yangu huku mimi nahema. Kilichotupa kazi ni filamu za Kiserbia.

Zililetwa nyumbani na tabibu wa mazoezi, mwanamke wa Kiserbia wa makamo, mrefu, mwenye mikono mizito, aliyekuwa akija kwetu Mawaleh, Maskati, mara tatu kwa wiki kumkunja mama mguu. Mama alilijaribu jina lake mara mbili, akaona halimuingii mdomoni, akampa jingine: Mwalimu wa Goti. Mwenyewe alipofasiriwa alicheka, na tangu siku hiyo akawa anabisha hodi kwa jina hilo.

Mama hawezi kuzungumza na mtu kabla hajajua ni mtoto wa nani na wa mtaa gani. Ni maradhi yetu sote tunaotokana na Unguja. Hata kwenye foleni ya benki hapa Maskati, mzee wa kwetu atakushika mkono asikuachie mpaka ukoo wako ufike Malindi au Mkunazini na apatikane shangazi mmoja mnayemchangia. Basi siku ya pili tu mama akaniamuru nimuulize Mwalimu wa Goti: yeye mtoto wa nani? Niliona haya. Mzungu unamuulizaje swali hilo? Lakini Mwalimu wa Goti hakushtuka hata kidogo. Aliuweka mguu wa mama juu ya mto, akaeleza kuwa baba yake alikuwa dereva wa garimoshi, babu yake mzaa mama fundi saa, na nyumba yao iko nyuma ya soko la mboga, mlango wa kijani, ukiuliza mtu yeyote mtaani atakuonyesha. Mama akaridhika. Akasema huyu ni mtu wa watu.

Mwalimu wa Goti akaongeza kwamba nchi yake ilibadilishwa jina mara tatu, naye hajatoka katika nyumba ile. Alizaliwa katika nchi moja, akaolewa katika ya pili, akazaa katika ya tatu, na jiko ni lile lile. Mama alilipenda sana neno hilo. Yake yeye, alisema, yalikwenda kinyume: alihamishwa nyumba, na alipogeuka kutazama nyuma, nchi nayo ishapewa jina jingine. Wakacheka wote wawili kabla sijamaliza kufasiri.

Baada ya hapo mama akataka kuuona huo mlango wa kijani. Mwalimu wa Goti hakuwa na picha zake, lakini alisema zipo filamu nyingi zilizopigwa katika mji wao, na safari iliyofuata akaleta flashi imejaa tele. Alinionya kando kwamba ni filamu za huzuni. Kwao, alisema, mtu akitengeneza filamu isiyo na vita wala serikali iliyoanguka, watazamaji huuliza huyu miaka yote hiyo alikuwa wapi. Onyo hilo sikumfasiria mama. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza, na mengine yakaja nyuma yake kwa mstari.

Filamu zilisema Kiserbia, na chini ya picha yakapita maandishi ya Kiingereza. Mama anasoma Kiarabu vizuri, na Kiswahili anakiandika kwa herufi za Kiarabu kama alivyofundishwa na mwalimu wake wa Kurani, lakini Kiingereza hakijui. Mimi ndiye ninayekijua, tena kwa leseni. Nafasiri mikataba na hati za mahakamani katika ofisi moja Qurum. Nina mhuri wangu. Nikifasiri vibaya neno moja, mtu anaweza kupoteza ardhi. Ninajivunia jambo hilo kuliko inavyofaa, na wenzangu ofisini wananitania kwamba hata ndotoni ninaweka mhuri. Basi ikakatwa shauri kwamba kila siku baada ya alasiri nikirudi kazini, nitakaa pembeni ya mama nimsomee maandishi yale kwa Kiswahili.

Dada yangu mkubwa akapata habari. Yeye anakaa Madinat Sultan Qaboos na anatutawala kwa simu. Aliuliza filamu zenyewe ni za nini, nikamwambia. Kisha akasema mama ana presha, tutazame tukitaka, lakini asife mtu mbele ya mama. Nikamwambia dada, hizi ni filamu za vita. Akasema hilo yeye halijui, mfasiri ni mimi.

Usimcheke dada. Alikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa kubwa kuliko presha. Katika ukoo wetu yupo mjomba mmoja, kaka yake mama, aliyesafiri mwaka wa Mapinduzi na hajafika mpaka leo. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Alitoka asubuhi kwenda kumtazama rafiki yake mgonjwa mtaa wa pili, na ilipofika adhuhuri wakubwa wakawa wanasema kasafiri. Mama alikuwa na miaka kumi. Neno hilo halikubadilishwa tena, si Unguja, si njiani, si hapa Maskati walipokuja kutulia. Sisi watoto tulikua tukijua kwamba mjomba kasafiri na kwamba haiulizwi atarudi lini. Dada aliogopa kwamba kijana mmoja wa Kiserbia akipigwa risasi mbele ya mama, basi mjomba naye atakuwa amepigwa sebuleni kwetu, baada ya miaka yote hiyo. Nami niliogopa hivyo hivyo.

Hata katika daftari hayumo. Tuna daftari la marehemu wa nyumbani, linalosomwa kila mwezi wa Shaabani mama anapowakusanya wanawake wenzake kwa hitma kabla ya Ramadhani kuingia. Wako watu hapa Oman wasioifanya hitma, lakini mama alitoka nayo kwao na hakuna aliyethubutu kumpokonya. Majina yanasomwa moja moja, kila mmoja anaombewa, kisha inaliwa halwa. Bibi, mama yake mama, ndiye aliyelianza daftari, na mimi hulinakili upya kila linapochakaa, tangu nikiwa msichana wa skuli, kwa kuwa nina hati nzuri. Ninapoandika, mama husimama nyuma yangu akikagua. Baada ya jina la babu hutaka niruke mstari mmoja, niuache mtupu, ndipo niendelee na bibi. Nilichukulia kwamba ni heshima kwa babu, ambaye alikuwa mtu mnene na, kwa maelezo ya wote waliomjua, hakupenda kubanwa.

Filamu ya kwanza ilikuwa na harusi na daraja. Bwana harusi yuko ng'ambo hii ya mto, bibi harusi ng'ambo ile, ndege za vita zinapita juu. Robo saa haijapita, mpiga kinanda akapigwa na kipande cha bomu, akaangukia meza ya keki. Maandishi yakasema amekufa. Mama akanigeukia, anangoja.

Nikasema amezimia, na sasa watampeleka Austria kwa matibabu. Kwa nini Austria, sijui. Nadhani niliikumbuka ramani, nikaona ipo karibu.

Basi mazishi yakaja. Sanduku refu linabebwa, padri mwenye ndevu mbele, wanawake wenye mitandio meusi nyuma. Nikasema wanampelekea bibi harusi kabati lake, na yule mzee analiombea baraka. Mama akauliza mbona linateremshwa shimoni. Nikasema huko baridi yake ni kali mno, samani nzuri hufukiwa mpaka msimu wa joto urudi. Mama akaniangalia, akaangalia televisheni, akasema, "Aa."

Ukishasema uongo wa kabati huna pa kurudi. Ilipofika wiki ya pili nilikuwa nimeshapeleka Austria askari, mwalimu wa hesabu, wachuuzi wawili wa petroli ya chupa na mzee aliyekataa kuhama nyumba yake. Walioanguka kutoka mapaani walikuwa wamechoka. Waliofungiwa na serikali walikuwa wanasubiri kuhojiwa kwa kazi. Na kwa kuwa katika kila filamu haipiti nusu saa bila watu kumimina kileo chao cha matunda katika vigilasi vidogo na kukibwia kwa mkupuo mmoja, nikamwambia mama ile ni dawa ya kifua. Mama akasikitika. Akasema watu wazuri wale, lakini vifua vibovu nchi nzima, mpaka makadhi wao.

Yaliyokuwa ya kweli aliyaona mwenyewe. Aliona kwamba wanavua viatu mlangoni, akawapa alama. Aliona kwamba kahawa yao huchemshwa katika kibirika cha mpini mrefu na kunywewa kwa vikombe vidogo, na mgeni hawezi kutoka bila kuinywa, akawapa alama tena. Mwalimu wa Goti alipoleta chupa ya pilipili nyekundu tamu zilizochomwa na kusagwa, mama akazionja, akasema ni chatne iliyoondolewa hasira, na akawa anazila kwa mkate wa kumimina. Kila aliyeonekana katika filamu, mama alitaka ajulikane ni mtoto wa nani. Nikidhani hapo Mwalimu wa Goti atashindwa, akamtambua mwigizaji mmoja kuwa ni jirani ya shangazi yake, tena baba yake alikuwa kinyozi. Mama akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi.

Hatukuwa wawili peke yetu mbele ya televisheni. Alikuwapo mwenzetu wa Nakuru, mwanamke wa Kikenya anayefanya kazi kwetu mwaka wa sita sasa, mlokole, mtu wa kanisani kila Ijumaa, ambaye Kiingereza anakisoma vizuri kuliko dada yangu. Yeye hukaa nyuma yetu akikunja nguo. Kila nilipompeleka mtu Austria, nyuma yangu ilisikika kikohozi. Kikohozi kidogo, cha adabu, lakini hakikukosea wakati hata mara moja. Nilimgeukia kwa jicho, naye akainamia foronya.

Siku moja, katika filamu ya kituo cha mabasi, nikawasafirisha watu wanne kwa mpigo. Mama akarekebisha mto chini ya goti, akasema taratibu, "Hiyo Austria itajaa."

Wahenga walisema njia ya mwongo fupi, na yangu iliishia mlangoni kwetu asubuhi moja ya mvua. Mvua ya Maskati ikishuka haibembelezi: wadi, yale mabonde makavu ya mito, zilianza kujaa maji, magari yakaanza kugeuza, na ofisi ikaturuhusu saa nne asubuhi. Nilifika nyumbani nimelowa, nikavua viatu barazani ili nisichafue, nikaingia pekupeku. Televisheni ilikuwa inasema Kiserbia. Juu yake ilisikika sauti ya mwenzetu wa Nakuru, imenyooka, ya mtu anayesoma somo kanisani.

"Amepigwa risasi hapa mgongoni. Mke wake anamwambia amka, lakini haamki. Huyo amekufa, Mama."

"Innalillahi," akasema mama. "Kijana mzuri yule. Haya, jioni tutaona anapewa nini."

"Atapelekwa Austria tu."

"Wiki hii keshapeleka saba. Huyu nnaona atapewa kazi."

Nilisimama ukumbini na viatu mkononi, maji yananidondoka. Mhuri wangu wote, leseni yangu yote katika fremu. Nilipatwa na aibu ikanipanda mpaka masikioni, halafu kicheko kikaja nikauma mtandio, halafu aibu ikarudi. Wenyewe walikuwa na ratiba! Asubuhi filamu ya kweli, jioni ile ile tena, ya kwangu. Nilirudi nyuma hatua kwa hatua, nikaingia garini, nikatia gari moto, nikapiga honi getini kama mtu anayewasili. Nilipoingia mara ya pili mama alikuwa anatazama mapishi ya Kituruki, na mwenzetu wa Nakuru alikuwa anakunja shuka iliyokwisha kukunjwa.

Jioni ile nilisoma huku najua. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama hiyo, hata mahakamani. Kijana akaanguka, mkewe akampigia magoti, na macho mawili ya mama yakanigeukia na kikohozi nyuma kikajiweka tayari. Nikasema kijana ameanguka kwa furaha. Amepata barua. Ameajiriwa Austria, katika duka la mikate.

Mama akauliza kama kibali kimeshatoka. Nikasema kimetoka. Akauliza atafikia kwa nani, ana jamaa huko? Nikasema anao wengi, kijiji kizima kimetangulia. Mama akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga, na mwenzetu wa Nakuru akakimbilia jikoni na nguo mkononi. Nami nikapata kichwa, nikaongeza kwamba mkewe pale anamuaga tu, naye atamfuata.

Kicheko cha mama kikakatika. "Hawafuatwi," akasema, na akaomba kahawa.

Niliipeleka kahawa, kisha nikamkabili mwenzetu wa Nakuru jikoni. Hakukana. Alisema ilianza siku ile ya kabati. Mama alimwita kesho yake asubuhi akamuuliza: ati kwao Kenya nako samani hufukiwa? "Sasa mimi nitasemaje, madamu? Hukuwa umeniambia nidanganye. Ungeniambia ningeomba kwanza, nione kama naweza." Nikamuuliza mbona basi mama ananiacha niendelee, kama anajua kila mtu alivyokufa. Akafikiri huku anasugua sufuria. Akasema mama huwa analia asubuhi, kidogo, na hali yake inakuwa sawa, na presha akipimwa inakuwa sawa. Lakini jioni ndiyo anaingoja. Kwa nini, hilo nimuulize mwenyewe.

Sikumuuliza. Nawajua watu kwa kazi yangu, na najua swali ambalo mtu hulibeba mkononi na lile ambalo hulibeba chini ya nguo. Wala dada sikumwambia. Yeye alikuwa akipiga simu kila Alhamisi kuuliza kama kuna aliyekufa, na mimi nikamjibu, kwa ukweli kabisa, kwamba mama anaendelea vizuri.

Kisha ikaja Ijumaa ya mwisho ya Mwalimu wa Goti. Mguu umepona, mkataba wake umekwisha, anarudi kwao kwenye mlango wa kijani. Mama akamwalika chakula cha mchana, akatengeneza wali wa nazi na samaki wa kupaka, na akamwita dada naye aje kuaga. Tukala. Mwalimu wa Goti alikuwa amekuja na filamu moja ambayo alisema aliibakisha kwa makusudi, kwa kuwa ndiyo aipendayo kuliko zote. Mwenzetu wa Nakuru alikuwa amekwenda kanisani, kwa hiyo asubuhi hiyo haikuwapo ya kweli. Mama naye alikuwa haijui.

Ilikuwa filamu ya mama mmoja na makaratasi. Mwanawe alichukuliwa na kuvishwa sare, barua zikaja tatu, zikakatika. Mama huyo anavaa koti lake zuri kila asubuhi, anakwenda kambini, kambini wanamwambia aende wilayani, wilayani wanamwambia aende mlango wa pili, mlango wa pili wako chai. Kila karani ana lake: kahamishwa kikosi, yuko mafunzoni, pengine katoroka, arudi Jumatatu. Hakuna bomu hata moja filamu nzima, wala damu. Nilikuwa nasoma bila ya kubadilisha kitu na nafsi yangu imetulia. Mama hakuuliza yeyote mtoto wa nani. Hakunywa kahawa yake.

Mwisho yule mama akafika kwa karani mmoja mzee, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Karani akafunua jalada, akasoma, akasimama, akafunga mlango wa ofisi. Akamvutia kiti. Akavua miwani. Akasema maneno machache, na maandishi yakapita chini.

Dada hakuhitaji mfasiri kwa uso ule. Alinitolea macho kutoka upande wa pili wa sebule, na nikajua ninaagizwa nini. Nikafungua mdomo. Austria ilikuwa tayari kwenye ulimi.

Mama akaniwekea mkono juu ya goti langu. "Leo soma kama ilivyoandikwa," akasema.

Nikasoma. "Mwanao amekufa, mama. Amekufa tangu mwezi wa tatu. Nisamehe kwa kuwa hukuambiwa."

Dada aliinuka akaenda kuleta mashine ya presha. Mama akamtolea mkono bila ya kuondoa macho kwenye televisheni, mashine ikavuma, ikapumua, na dada akaisoma mara mbili kwa kutoamini. Ilikuwa nzuri kuliko yake. Mwalimu wa Goti, ambaye hakuelewa mambo ya Austria na ambaye sikuwa na ujasiri wa kumweleza, alisimamisha filamu, akakaa ubavuni kwa mama.

"Karani yule Mungu amlipe kheri," mama akasema. "Kamuweka chini, kamwambia. Miye nlikuwa na miaka kumi, nkaambiwa kaka kasafiri. Nkauliza kenda wapi. Huyu akasema Mombasa, huyu akasema Misri, ami yangu akasema Kuwait. Kila mkubwa na mji wake." Akanipigapiga goti. "Wewe angalau ulishika mmoja. Nlikuwa nkikusikiliza jioni, nkasema, hivi ndivyo walivyokuwa wakikaa wale, wanatutazama usoni, wanatafuta mji."

Dada akaanza kulia. Nilitaka kumwomba mama radhi na sikupata pa kuanzia, kwa sababu nilimpenda wakati wote ule nikimdanganya, na sasa niliona kwamba wale wa zamani nao walimpenda. Nikamwambia hivyo hivyo. Akasema anajua. Akasema ndiyo maana hakuwahi kuwakasirikia, wala kuwauliza, na wao wakaondoka mmoja mmoja na jibu lao. Na mtu aliyesafiri, akasema, hasomewi hitma. Unamuombea salama ya njiani. Miaka sitini na zaidi alikuwa akimuombea kaka yake salama ya njiani.

Hitma ya Shaabani ilikuwa imebakisha wiki mbili. Mama akaniambia nilete daftari na kalamu yangu nzuri. Nilifikiri itabidi ninakili lote upya, kwa kuwa daftari la marehemu hufuata waliotangulia kufa, na mjomba ni wa mwanzoni kabisa, huwezi kumwandika mwisho baada ya mashemeji waliokufa juzi. Nikamwambia itanichukua siku mbili, nikanunue daftari jipya.

"Jipya la nini?" mama akauliza. "Nafasi yake ipo."

Nikafungua ukurasa wa kwanza. Babu. Mstari mtupu. Bibi.

Mama akasema bibi ndiye aliyeuacha, katika daftari la kwanza kabisa, kwa mkono wake. Hakusema ni wa nani. Mpaka anakufa, mwanawe kasafiri. Alimwambia mama tu kwamba hapo parukwe kila linaponakiliwa, na mama hakuuliza, akaja akaniambia mimi. Na mimi, mfasiri mwenye mhuri, nimelinakili daftari lile mara tano kwa hati nzuri, na mara zote tano nimemruka mjomba nikidhani ninampa babu nafasi ya kukaa.

Mwalimu wa Goti alinishikia daftari lisiteleze. Dada alinitajia jina la ukoo, ingawa nalijua. Niliandika polepole, na lilienea mstari mzima bila ya kubanwa. Jina lenyewe sitaliweka hapa, ni la daftari. Wino ulipokauka mama akaniambia nilisome kwa sauti, nikalisoma kama lilivyoandikwa.